Kabla Umwite Mtoto Kichwa Maji

Pita Gatina jioni, pale vibanda vya mboga vimepangana, uangalie watoi wanaosaidia mama zao kuuza. Mteja anachukua sukuma ya ishirini na nyanya za thelathini, anatoa noti ya mia mbili, na mtoi wa miaka kumi anamrudishia mia moja hamsini kabla sukuma haijaisha kukatwa. Muhula ukiisha, mtoi huyo huyo analeta ripoti: hesabu amefeli. Anaitwa kichwa maji, na ploti nzima inasikia.

Mimi chuo niliachia njiani, lakini saikolojia ya mwanzo bado naisoma kwa simu, hasa sura za ukuaji wa binadamu na vile watu hujifunza. Na si mambo ya ng'ambo tu. Kuna utafiti mzito uliofanywa hapa kwetu Kenya.

Miaka ya 1970, Mmarekani Charles Super alifuatilia watoto wachanga wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Walikaa na kutembea kama mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Ungesema ni damu, sivyo? Lakini kwa kutambaa hawakuwa mbele. Kwani damu inajua kutembea na haijui kutambaa? Siri ilikuwa mazoezi. Akina mama walichimba kashimo ka kumkalisha mtoto ili mgongo ushikiliwe, na walimshika apige hatua. Kutambaa hakukutiliwa maanani.

Halafu kuna Usenge, kule Siaya. Mwaka wa 2001, Robert Sternberg na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Waliwapima ujuzi wa dawa za miti shamba, pia msamiati kama ule wa shuleni. Kwa jumla, waliojua dawa zaidi walipata alama za chini kwenye msamiati. Akili walikuwa nayo, ila ilizoezwa kwingine.

Ndio maana hilo jina la kichwa maji ni hatari. Linafunga kesi kabla hujauliza mtoto amezoezwa nini.

Leo usiku, chukua swali la daftari uligeuze liwe nyanya na chenji. Akilipata, mwonyeshe vile linaandikwa kwa namba. Akikwama bado, ongea na mwalimu, na apimwe macho na masikio. Matusi hayajawahi kufunza mtu kugawanya.