Saa 15 angani: Chunga damu isigande miguuni

Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018, shirika la Kenya Airways lilipoanzisha safari za moja kwa moja kati ya miji hii, abiria hukaa ndani ya ndege kwa muda wa saa 15 hivi bila kutua popote. Kurudi ni karibu saa 14, kwa kuwa upepo mkali wa juu huvuma ukielekea mashariki na kuisukuma ndege.

Anayebadilisha ndege Ulaya hulalamika kwa usumbufu, lakini angalau yeye hutembea. Wewe uliyekaa mfululizo una jambo la kuchunga.

Kila unapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu hukaza na kuipandisha damu kuelekea moyoni. Ukiketi saa nyingi magoti yamekunjwa, damu hutuama na huweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Donge hilo likichomoka na kufika mapafuni, linaweza kuua.

Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba hatari hii huongezeka karibu maradufu safari inapofika saa nne au zaidi. Usitishike kupita kiasi, kwani kwa watu wenye afya ilikadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 6,000. Wala si ndege pekee: basi la usiku la Nairobi hadi Mombasa nalo hukukalisha vivyo hivyo.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mja mzito au aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani, anayemeza baadhi ya tembe za kupanga uzazi, na hasa yule ambaye damu yake iliwahi kuganda. Ikiwa u miongoni mwao, mwone daktari kabla ya kununua tikiti. Usijitibu kwa aspirini.

Ndani ya ndege, chagua kiti cha kando ya njia ili uinuke bila kuwasumbua wenzako. Tembea kila baada ya saa moja au mbili. Ukiwa umeketi, inua visigino kisha vidole vya miguu, mara nyingi. Kunywa maji. Pombe na dawa za usingizi ziache, maana hukulaza kama gogo.

Saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa nane, au saba wakati wa majira yao ya joto. Siku yako hurefuka, hivyo mwenye kisukari anayejidunga insulini amwulize daktari jinsi ya kuipanga. Aibebe mkononi, kwani kwenye shehena inaweza kuharibiwa na baridi.

Ukifika, uangalie mguu wako. Ukivimba mmoja tu, ukiuma na kuwa moto, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Ukishikwa ghafla na shida ya kupumua, kifua kikiuma au ukikohoa damu, usingoje hata saa moja. Dalili huweza kuchelewa, kwa hivyo mwambie daktari kuwa ulisafiri hata kama majuma mawili yamepita.