Rangi za Moyo na Kazi ya Mfasiri

Mwaka 2024 ilitolewa huko Japani sinema ya michoro iitwayo Kimi no Iro, iliyoongozwa na Naoko Yamada. Msichana Totsuko huona rangi kwa kila mtu amtazamaye. Ajiunga na vijana wawili, Kimi mpiga gitaa, na Rui apigaye theremin, chombo cha umeme kipigwacho pasipo kuguswa. Nao watunga nyimbo zao wenyewe. Kimi ana rangi ya samawati, Rui ya kijani; rangi yake mwenyewe Totsuko haioni.

Mwalimu wa Mbeya au Iringa akitaka kuwafasiria wanafunzi wake hadithi hii, je, Kiswahili kitamtosha? Wako wasemao kuwa hakitoshi, kwa sababu kina mashina matatu tu ya vivumishi vya rangi. Yafaa dai hilo lipimwe.

Mashina hayo ni -eupe, -eusi na -ekundu, nayo hupokea viambishi vya ngeli. Rangi nyingine zimepewa majina ya vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo, na samawati latokana na neno la Kiarabu la mbingu. Hizi huunganishwa kwa -a. Berlin na Kay walieleza mwaka 1969 kuwa lugha yenye majina matatu ya msingi huwa na haya haya matatu. Lakini uchache wa mashina si upofu wa macho. Mchuma chai wa Tukuyu au Mufindi hutambua jani changa na lililokomaa kwa kulitazama tu. Wajapani nao kwa neno ao hutaja samawati, na hata taa ya barabarani iliyo ya kijani. Walakini sinema yao yawatenga Kimi na Rui bila shida.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Ni rangi tatu za asili zilizozoea kuingia moyoni: twasema moyo mweupe, roho nyeusi, macho mekundu. Hatusemi "moyo wa kijani". Hapo mfasiri hushawishika kuazima maana ya Kiingereza, ambako samawati ni rangi ya huzuni. Akifanya hivyo atapotoa, kwani samawati ya Kimi ndiyo uzuri uliomvuta Totsuko.

Dawa yapatikana katika vitenzi. Uso husawijika kwa hofu, macho huiva kwa hasira, sura hung'aa kwa furaha kisha hufifia. Katika Kiswahili rangi ya hisia mara nyingi ni tendo litokealo, si sifa iliyobandikwa. Na ndivyo Totsuko aonavyo, rangi zikitokea na kutoweka kama sauti za muziki. Basi mfasiri na aseme kuwa Kimi aling'aa kama mbingu ya Uporoto ukungu uondokapo, na kuwa Rui alichanua kama chai ya Mufindi baada ya mvua. Hapo samawati itarudi mbinguni, na kijani itarudi janini, kila neno kwenye chimbuko lake.

Tusihesabu vivumishi vya lugha tukadhani tumehesabu hisia za wasemaji wake.