Je, Wajua? Mwanamichezo Kazi Inapomwishia

Je, wajua kwamba mtu aliyewafungulia wanasoka wa Ulaya mlango wa mamilioni hakuyaonja? Mkataba wa Mbelgiji Jean-Marc Bosman na RFC Liège uliisha Juni 1990, akiwa na miaka 25. Klabu ikampa mwingine wa faranga 30,000 kwa mwezi, ilhali awali alikuwa akipata wastani wa 120,000 pamoja na bonasi. Akaukataa. Alitaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, lakini enzi hizo klabu iliweza kudai ada hata kwa mchezaji aliyemaliza mkataba. Uhamisho ukakwama, klabu ikamsimamisha, naye akaenda mahakamani.

Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilimpa ushindi. Tangu hapo, mchezaji wa Umoja wa Ulaya akimaliza mkataba anahamia nchi nyingine ya umoja huo bila ada, kama mfanyakazi yeyote. Ila Bosman alikuwa na miaka 31, na miaka yake mizuri uwanjani ilikuwa imeliwa na kesi. Aliangukia ulevi na sonona, akaishi kwa msaada wa serikali. Kila nyota anayesaini mkataba mnono leo ana deni kwa mtu huyu.

Wanasaikolojia wana kipimo kinachosaidia kueleza jeraha la namna hii. Mwaka 1993 Britton Brewer na wenzake wawili wa Marekani walichapisha dodoso linalopima ni kwa kiasi gani mtu hujiona mwanamichezo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mwenye alama za juu mara nyingi hujituma sana mazoezini, na huyohuyo hutaabika zaidi akiumia goti au akitemwa na timu.

Namkumbuka Henry Rono wa Kenya. Ndani ya siku 81 za mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000. Olimpiki hakuwahi kukimbia, kwa sababu Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Mbio zilipomwishia pombe ilimshika. Huko Marekani alikosa hata pa kulala, akaosha magari, akabeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Baadaye alijinasua, akafundisha shule na kuwanoa wakimbiaji mjini Albuquerque. Alifariki Februari 2024. Wapo wanaosema alilewa umaarufu; mimi siamini. Wanasiasa walimnyang'anya kilele cha kazi yake mara mbili.

Waliotwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 1966 nao walirudi kutafuta riziki: beki Ray Wilson alifanya biashara ya kuzika watu Huddersfield, na Geoff Hurst, aliyefunga mabao matatu fainali, aliuza bima.

Afrika Mashariki tuna utaratibu usiosifiwa vya kutosha: wanariadha wengi huajiriwa jeshini, polisi au magereza. Paul Tergat alikuwa Jeshi la Anga la Kenya, David Rudisha alikuwa polisi. Juma Ikangaa alishinda New York Marathon mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 akiwa ofisa wa jeshi la Tanzania, JWTZ. Miguu ilipochoka hakuhitaji kutafuta kazi, alikuwa nayo. Filbert Bayi, naye mwanajeshi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, baadaye alianzisha shule.