Bangkok kwa siku moja: Vaa ndefu, mpite wa tuktuk

Kama una siku moja tu Bangkok, damka mapema. Kasri Kuu hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na jua la huko halina mchezo. Mgeni hulipa baht 500, na ukija na kaptura au mabega wazi huingii.

Karibu na lango anaweza kukujia jamaa nadhifu, mpole kabisa: "Leo pamefungwa, panda tuktuk nikuzungushe kwa bei ya kutupa." Hapajafungwa, boss. Anakupeleka duka la vito, na doh zako zitaishia huko. Mpite, kajionee mwenyewe langoni.

Ndani, wengi hupiga picha dhahabu mpaka simu inazima, kisha wakifika kwa Buddha wa Zumaridi wanauliza, "Ni huyu tu?" Ndiyo, ni huyu. Ana sentimita 66 hivi, na mavazi yake hubadilishwa na mfalme mara tatu kwa mwaka, kufuatana na msimu. Humo hakuna picha. Vua viatu, keti, na nyayo zako zisimwelekee. Watu wanaabudu hapo.

Ukitoka, tembea hadi Wat Pho umwone aliyelala, mita 46! Usikwame usoni. Zunguka nyuma yake: kuna bakuli 108 za shaba, na watu wanadondosha sarafu mojamoja. Mimi ningelipia ile sauti pekee.

Jioni, vuka mto Chao Phraya kwa feri hadi Wat Arun. Yale maua yaliyopamba mnara, yasogelee. Ni vipande vya sahani.