Betri ya sola ya lithiamu ikizima ghafla, usikimbilie kuitupa

Msikilizaji wetu mmoja wa wilaya ya Mkalama, kinyozi, alitutumia ujumbe akiwa amekata tamaa. Alinunua betri ya lithiamu kwa fedha za alizeti na ikamfanyia kazi vizuri kwa miezi saba. Jioni moja mashine ikazima mteja akiwa amenyolewa upande mmoja tu. Dakika chache kabla, kioo cha kontrola kilionyesha betri imejaa. Kesho yake jua liliwaka sana, lakini kontrola haikuonyesha chochote. Jirani akamshauri aiuze kwa wanaonunua vyuma chakavu. Akatuuliza: betri yangu imekufa?

Haikuwa imekufa. Kwa kuwa maswali ya namna hii yamekuwa mengi, tumeona tuyaeleze hapa.

Kwa nini inazima bila taarifa

Betri ya maji tuliyoizoea huchoka taratibu. Taa hufifia, redio hukwaruza, nawe unajua umeme unaisha. Lithiamu haifanyi hivyo. Hubaki karibu na volti 13 kwa muda mrefu, halafu mwishoni hushuka kwa kasi.

Ndani yake kuna saketi ya ulinzi. Umeme ukishuka sana, kwa kawaida karibu na volti 10, saketi hiyo hukata njia ili betri isiharibike. Hukata pia ukichaji kupita kiasi, ukivuta umeme mwingi kwa mara moja, au betri ikipata joto kali.

Vijiti vya kwenye kioo navyo hudanganya. Kontrola nyingi zimepangwa kwa betri ya maji, ambayo ikijaa na kutulia huwa na takriban volti 12.7. Lithiamu yenye volti 13.0 inaonekana imejaa, kumbe imebaki na kama theluthi moja tu.

Pima kabla ya kununua nyingine

Mwombe fundi aje na mita. Zimeni vifaa vyote, muiache betri itulie, kisha pimeni moja kwa moja kwenye vichwa vya betri.

Mita ikisoma volti 13 au zaidi, betri ina umeme. Tatizo lipo njiani: fyuzi imekatika, waya umelegea au kichwa cha waya kimeshika kutu. Sehemu inayopata moto wakati wa matumizi ndiyo ya kuanza nayo.

Ikisoma kati ya volti 10 na 12, betri imekwisha umeme. Punguza matumizi, uichaji.

Ikisoma sifuri au volti chache tu, huenda saketi ya ulinzi imekata. Hapo ndipo wengi huamini betri imekufa. Kontrola nayo hupata umeme wake kutoka kwenye betri, kwa hiyo haiwezi kuwaka hata jua likiwa la utosi. Fundi mwenye chaja ya lithiamu inayoweza kuamsha betri iliyojifunga anaweza kuirudisha. Ikikataa kuamka, au ikiamka na kuzima tena muda mfupi baadaye hali imechajiwa vizuri, basi ina hitilafu ndani. Kama ina dhamana, irudishe ulikonunua.

Usiunganishe paneli moja kwa moja na betri ili kuiamsha. Paneli ya mfumo wa volti 12 inaweza kutoa kama volti 20 ikiwa haina mzigo, na hiyo inaweza kuua saketi ya ulinzi. Ukitaka kufungua nyaya za kontrola, toa kwanza nyaya za paneli, kisha za betri. Kurudisha ni kinyume: betri kwanza, paneli baadaye.

Sababu inayojirudia: hesabu

Betri ya volti 12.8 yenye Ah 50 ina takriban wati-saa 640. Tuseme paneli yako inaingiza 350 kwa siku, nawe unatumia 500. Kila siku unakopa 150. Siku nne utaona mambo yako sawa, siku ya tano giza. Si betri mbovu, ni matumizi kuzidi mapato. Wakati wa kiangazi vumbi letu huongeza deni hilo, hivyo futa paneli kwa maji na kitambaa laini asubuhi kabla haijapata moto.

Inveta nayo iangalie. Betri iliyoandikwa mwisho ampia 30 haiwezi kubeba zaidi ya wati 380 hivi. Ukiwasha pasi, itakata papo hapo.

Mwambie fundi aweke kontrola kwenye mpangilio wa lithiamu. Baadhi ya kontrola zikiachwa kwenye betri ya maji hupandisha umeme mara kwa mara hadi karibu volti 15, na saketi ya ulinzi hukata. Betri nyingi za aina hii hujaa kwenye volti 14.6. Kama kontrola yako haina mpangilio huo, uliza kabla ya kununua betri. Usiunganishe pia lithiamu na betri ya maji ya zamani ili kuongeza nguvu.

Wakati wa kuacha kujaribu

Betri ikivimba, ikitoa harufu kali au ikiwa ya moto bila kutumika, tenganisha nyaya kama unaweza kufanya hivyo kwa usalama, itoe nje mbali na nyumba, ghala la mazao na watoto, kisha umwite fundi. Usiitoboe wala kuichoma.

Kinyozi wetu je? Fundi aliiamsha betri. Kilichomwangusha ni televisheni aliyoongeza ili wateja waangalie mpira, pamoja na paneli iliyojaa vumbi. Sasa televisheni inawaka siku za mechi tu, na kila asubuhi anafuta paneli kabla ya kufungua saluni.

Una swali la betri yako? Tutumie ujumbe ukitaja volti uliyopima, Ah za betri na vifaa unavyotumia. Kwa hayo matatu, fundi atakayekuja studio ataweza kukujibu.