Kununua Pijo Kuukuu: Karatasi na Bati Kwanza, Injini Baadaye

Katika mashamba ya kahawa yaliyo kati ya Ruiru na Thika, hapana motokaa iliyofanya kazi nyingi ikapata shukrani chache kama Peugeot ile yenye mgongo mrefu, yaani stesheni wagoni, ambayo wenyeji huiita Pijo tu. Asubuhi ilipeleka maziwa, mchana ilichukua magunia ya mbolea, Jumapili ilikwenda kanisani imejaa watu, na mgonjwa akizidiwa usiku, mwenye Pijo ndiye aliyebishiwa hodi. Katika miaka ya 1970 na 1980 Pijo ndizo zilizobeba abiria wa safari ndefu kutoka Nairobi hata Nakuru na Kisumu. Siku hizi nyingi zimesimama nyuma ya nyumba, kuku wakitaga juu ya viti vyake, na mwenye kuzitaka sana ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu ajaye na mizani yake.

Hata hivyo wapo walimu, makarani na wakulima vijana walioanza kuzitafuta ili wazitengeneze. Nia yao si upuuzi kama wasemavyo majirani. Lakini fedha nyingi hupotea kwa sababu moja. Mnunuzi afikapo hufungua boneti kwanza. Asikia injini ikinguruma, moyo wake wayeyuka, atoa fedha mfukoni. Kumbe injini ya motokaa hii ndiyo iliyo rahisi kutengenezwa kuliko vitu vyake vyote. Kinachomshinda mtu ni karatasi, na baada ya karatasi ni bati.

Kwanza yafaa kujua ni motokaa gani tunayoitaja. Peugeot 404 ilitolewa Ufaransa mwaka 1960, na 504 ikafuata mwaka 1968. Sifa ya 404 katika Afrika ya Mashariki ilitokana na mashindano ya Safari. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 zilianza 93, zikafika tena 7. Na mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff katika 404. Katikati yake, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda pamoja na Chris Rothwell katika motokaa ya namna hiyo hiyo. Mkulima aliyesimama kando ya barabara ya udongo akaona matope yale hakuhitaji tangazo jingine. 504 nayo ikashinda mwaka 1975, ikiendeshwa na Ove Andersson, na kwa miaka mingi ilikuwa ikiunganishwa humu humu Kenya.

Stesheni wagoni ya 504 si saluni iliyoongezwa kisanduku nyuma. Umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90, hali saluni ina mita 2.74. Ekseli ya nyuma ni moja, nzima, nayo yakaa juu ya springi nne za kuviringika, mbili kila upande. Ndiyo sababu ilichukua magunia bila kuburuza mkia. Ile iitwayo Familiale ilikuwa na safu tatu za viti, zote zikitazama mbele.

Mtu asifikiri kwamba ataiagiza ng'ambo. Kanuni ya Kenya juu ya motokaa zilizotumika, KS 1515 ya mwaka 2000, hairuhusu kuingiza iliyozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo zilizoko nchini ndizo hizo hizo, na kila moja inayokatwakatwa ni moja iliyopungua. (Tena mwaka 2017 Peugeot zilianza kuunganishwa Thika penyewe, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland; lakini zilikuwa za namna mpya, na spea zake hazimfai mwenye 504 hata kidogo.)

Sasa juu ya karatasi. Nitatoa mfano ninaoujua vizuri, kwa kuwa motokaa yenyewe sasa ni yangu. Ilikuwa imesimama chini ya mparachichi katika shamba moja kando ya barabara itokayo Ruiru kwenda Githunguri. Namba yake ilikuwa ya zamani, herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, ikimaanisha kwamba ilisajiliwa kabla ya mtindo wa sasa ulioanza mwaka 1989. Mwenye nyumba, mama mjane, alinipokea akasema, "Mwanangu, ichukue. Wale wa vyuma walikuja juzi wakataka kuikata hapa hapa mbele ya mlango wangu."

Nikamwuliza, "Mama, kitabu chake kiko wapi?"

Akakileta kimefungwa katika kitambaa pamoja na stakabadhi za kahawa. Jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu mumewe.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mwanawe mkubwa alisema kwamba barua ya chifu yatosha, pamoja na sahihi za mashahidi wawili. Haitoshi. Barua ya chifu hutaja warithi, nayo ni mlango wa kuingilia mahakamani; si nyumba yenyewe. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali ya marehemu haishikwi na mtu asiye na hati ya mahakama, na anayeiuza au kuitwaa bila hati hiyo atenda kosa lenye adhabu. Ombi hupelekwa mahakamani, hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30. Kisha hutolewa hati ya usimamizi, na kwa kawaida miezi sita hupita kabla haijathibitishwa. Msimamizi mwenye hati iliyothibitishwa ndiye atakayeweza kubadilisha jina la motokaa mbele ya NTSA bila maswali.

Tulipokwenda Thika kuanzisha shauri hilo ilionekana kwamba barua ya chifu imewataja wana watatu wa kiume tu. Binti mmoja, aliyeolewa upande wa Murang'a, hakutajwa. Sheria hiyo haibagui mwana na binti, aliyeolewa na asiyeolewa. Barua ikarudishwa, ikaandikwa upya. Binti alipoitwa alikuja kwa hasira, na ilikuwa haki yake. Alisema kwamba alipelekwa shuleni katika motokaa hiyo, na kwamba hakuna aliyemwambia kuwa inauzwa. Kama ningalinunua kwa barua ile ya kwanza, angaliweza kunidai mahakamani mimi na ndugu zake pamoja, wakati nilipokuwa nimekwisha itia bati jipya. Shauri lote lilichukua miezi kumi na mmoja. Fedha zangu zilikaa benki, na motokaa ilikaa chini ya turubali. Bei yake, kwa wanaotaka kujua, haikuzidi ya ng'ombe wawili wazuri wa maziwa.

Hata kama mwenye jina yu hai, yafaa kutafuta habari za motokaa katika daftari la NTSA kabla ya kutoa shilingi moja, kisha kulinganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kitabuni. Pijo nyingi zilibadilishwa injini, petroli ikatolewa ikatiwa ya dizeli, na mabadiliko hayo hayakuandikwa popote. Injini iliyobadilishwa na rangi iliyobadilishwa hutakiwa kuandikishwa. Namba ya chesisi ikiwa imefutwa au imechomelewa, rudi nyumbani. Hapana bei itakayoifanya kuwa rahisi.

Baada ya karatasi ni bati. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa ili isikwaruze rangi, ukaipitishe taratibu juu ya bodi nzima. Mahali isiposhika pana puti chini ya rangi, na chini ya puti hapana kitu. Tazama vizingiti vya milango, sakafu chini ya mikeka, vichwa vya shoksi za mbele ndani ya boneti, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Katika stesheni wagoni ya mkulima tazama zaidi sakafu ya nyuma, hasa juu ya makao ya springi. Mbolea ya chumvichumvi huvuta unyevu hewani, na ikimwagika katika mifereji ya bati hula chuma mwaka baada ya mwaka, hata kama gari lalala ndani ya banda. Maziwa yaliyomwagika nayo hayana huruma. Ile yangu ilikuwa na vizingiti vizima kabisa, lakini sakafu ya nyuma niliweza kuitoboa kwa bisibisi.

Fundi mwema wa kuchomelea hukata kutu yote mpaka afike kwenye chuma king'aacho, kisha hutia bati la unene ule ule. Fundi mvivu hubandika bati juu ya kutu, na kwa miaka miwili mwenye gari hufurahi. Simama hapo ukatazame kwa macho yako. Betri ifunguliwe na tangi la petroli liondolewe kabla ya moto kuwashwa, na vitundu vidogo vya kutoa maji chini ya milango na vizingiti visizibwe, maana bila hivyo kazi yote ni ya bure. Kazi hii ndiyo iliyokula fedha zangu nyingi kuliko nyingine zote, nayo ilifanywa Makongeni, Thika, na mzee aliyezishika Pijo tangu ujana wake. Mafundi wa namna yake wanapungua upesi kuliko hata motokaa zenyewe. Vijana wa siku hizi wamezoea motokaa za Kijapani, na si kosa lao.

Injini nimesema ni rahisi, na sababu ni hii. Silinda za Peugeot hii hazikutobolewa katika bloku yenyewe. Ni silivu nne zinazotiwa ndani, na maji ya rejeta huzizunguka. Zikichakaa, hununuliwa silivu nne pamoja na pistoni zake, zikabadilishwa bila kupeleka bloku kwenye mashine. Lakini iko hatari moja. Hedi ikishafunguliwa, silivu hazishikwi tena na kitu juu. Fundi akizungusha injini bila kuzibana, zitainuka, mpira wa chini utaachia, na maji yataingia katika oili. Hedi nayo ni ya aluminiamu, hupinda injini ikipata moto mno. Fungua kifuniko cha oili ukatazame ndani: ukiona rangi ya chai ya maziwa, punguza bei, lakini usikimbie. Petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee iuzwayo kwetu tangu mwaka 2006, haiidhuru, maana makao ya valvu zake ni ya chuma kigumu yaliyopachikwa. Spea nyingi za injini bado zapatikana Kirinyaga Road, Nairobi, kwa mwenye miguu ya kuzunguka. Mlango mzima wa nyuma ndio usioupata.

Motokaa iliyosimama miaka isiendeshwe hata hatua kumi kabla ya kubadilisha mipira yote ya breki. Na gurudumu lenye meno mazuri lisikudanganye. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwake, zikiandikwa 2309 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009, nalo limekwisha kufa.

Kuhusu wale wa vyuma vikuukuu, biashara yao ilipigwa marufuku na Serikali mwezi wa Januari 2022, ikafunguliwa tena mwezi wa Mei mwaka huo huo. Katika miezi hiyo wenye Pijo walipumua kidogo. Sasa wanapita tena, na mjane mwenye karo ya kulipa hawezi kungoja karani apate hati ya mahakama. Kwa hiyo anayeitaka motokaa kama hiyo na aanze leo kuisaidia familia kufungua shauri la urithi, hata kama fedha zake bado hazijatimia. Gharama ya kuliandikisha ni ndogo kuliko ya kizingiti kimoja.

Yangu sasa yatembea mpaka Thika na kurudi. Safu ya tatu ya viti inashonwa na fundi wa Ruiru, na mpira wa mlango wa nyuma utapimwa na mvua za Aprili. Rangi haijapakwa. Rafiki zangu wapenda iwe ya bluu, lakini kitabu chasema nyeupe, na nyeupe nimekwisha inunua.