Kabla Hujanunua Pikapu ya Dizeli ya Delivari, Soma Hii Kwanza

Leo siongelei picha za bidhaa wala matangazo. Naongelea gari, kwa sababu wiki hii watu watatu wamenifuata inboksi na swali lile lile: "Dada, nimepata kamtaji, ninunue pikapu ya dizeli nijifanyie delivari mwenyewe?"

Mimi nilinunua. Na nusura inifungishe biashara. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Nauza rafu za viatu, makabati ya plastiki na meza za kukunja. Ni mzigo mwepesi lakini unakula nafasi, boda haubebi. Kila siku nilikuwa nakodi kirikuu, na kila jioni nikipiga hesabu naona hela ya kukodi inaondoka na faida. Nikajisemea, bora ninunue gari langu. Nikapata pikapu ya dizeli, mtumba kutoka nje, safi, viti havijachanika, kilomita si nyingi. Watu wote waliniambia jambo moja: dizeli haili mafuta. Nikalipa.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha. Kariakoo hadi Sinza, Sinza hadi Tabata, Tabata hadi Kariakoo tena. Foleni, zima, washa, shusha mzigo, washa. Siku moja ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, alama kama kisanduku chenye vitone ndani. Sikuijali, gari si linatembea? Wiki iliyofuata gari likakataa kuvuta. Nakanyaga mafuta, linatambaa kama limefungwa kamba. Na ilikuwa wiki mbili kabla ya Idi, oda zimejaa.

Fundi wa kwanza alichungulia chini akasema, "Dada, hapa kuna kidude cha moshi kimeziba. Tukikate, tuweke bomba tupu, uendelee na maisha." Roho ikasita, nikaenda kwa fundi wa pili mwenye mashine ya kupima. Huyo alisoma kwanza, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Hili gari linaenda safari ndefu mara ngapi kwa mwezi?" Nikamwambia halijawahi kutoka nje ya Dar. Akacheka. "Basi gari halina ugonjwa. Ni kazi unayolipa tu ndiyo siyo yake."

Kusafisha kile kidude, kubadilisha oili na kukodi kirikuu siku zote ambazo gari lilikuwa gereji kulimeza hela ya mzigo wa Idi. Wateja wengine niliwarudishia hela zao. Ndipo nikaanza kujifunza kitu ambacho ningejifunza kabla ya kulipa.

KIDUDE CHENYEWE NI NINI?

Mafundi wanakiita DPF. Ni kichujio kilichofungwa kwenye bomba la moshi ili kunasa masizi ya dizeli. Kikijaa, gari linapandisha joto la moshi hadi kama nyuzi 600 na kuyachoma masizi yale. Lakini ili joto hilo lifike na likae, gari linatakiwa litembee mfululizo, mwendo wa kueleweka, kama dakika ishirini au zaidi. Ukiwa wa foleni na vituo kila baada ya kilomita mbili, linaanza kujisafisha, unazima. Linaanza tena, unazima. Masizi yanabaki, na dizeli iliyopulizwa kwa ajili ya kuyachoma inachuruzika kwenye oili ya injini. Ndiyo maana kwangu oili ilikuwa imepanda kwenye kijiti cha kupimia badala ya kupungua. Nilidhani ni heri, kumbe ni balaa.

KILITOKEA WAPI?

Kilitokana na sheria za moshi za huko magari yanakotoka. Mwaka 2003 jiji la Tokyo na mikoa jirani walianza kuzuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha moshi. Gavana wa wakati huo, Shintaro Ishihara, alikuwa anatikisa chupa ya plastiki yenye masizi mbele ya waandishi wa habari ili watu waone wanachovuta. Ulaya nako viwango wanavyoviita Euro vimekazwa hatua kwa hatua, kutoka Euro 1 mwaka 1992 hadi Euro 6 mwaka 2014. Na hawakufanya hivyo kwa kuonea watu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani.

Sasa angalia sheria hizo zilivyobadilisha pikapu. Toyota waliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004. Walipoirudisha mwaka 2017, ilikuja na injini ya dizeli ya lita 2.4 yenye DPF na tangi la AdBlue. Hilux ya zamani ya dizeli tuliyoizoea mtaani haina hata kimoja kati ya hivyo. Jina moja, umbo linafanana, lakini chini ya boneti ni vitu viwili tofauti. Na pikapu mpya nazo, ya jina moja inaweza kutengenezwa kwa namna tofauti kulingana na soko inakopelekwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "Hilux haisumbui" au "D-Max ni ngumu", muulize: ya mwaka gani, na ilitengenezewa soko gani?

NA MAFUTA JE?

Sheria ya gari na sheria ya mafuta ni mapacha. Salfa iliyomo kwenye dizeli inaharibu mitambo ya kusafisha moshi, kwa hiyo huwezi kukaza moja ukaacha nyingine. Ulaya dizeli yao haizidi salfa 10 kwa milioni tangu 2009, yaani tani nzima ya mafuta ina gramu 10 tu za salfa. Marekani walishuka hadi 15 kuanzia 2006. Sisi Afrika Mashariki tulishuka hadi 50 Januari 2015, wakati kabla ya hapo kiwango cha 500 kilikuwa kitu cha kawaida. Kwa hiyo mafuta yetu yamekuwa safi sana kuliko zamani, lakini 50 ndiyo dizeli ya Euro 4. Magari ya Euro 5 na Euro 6 yalitengenezwa yakitegemea ile ya 10.

Kuitoa salfa kunahitaji mitambo na gharama kiwandani, na gharama hiyo imo ndani ya bei. Tanzania tunanunua mafuta yakiwa yameshasafishwa, kwa hiyo hatuna namna ya kuikwepa. EWURA wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mimi siku hiyo ndiyo napitia upya bei zangu za delivari, sisubiri hadi nianze kulia hasara.

Halafu kuna mafuta ya kuchakachua. Serikali inaweka vinasaba kwenye mafuta tangu 2010 ili kuwanasa wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa, lakini dizeli ya kwenye madumu pembeni mwa barabara hakuna anayekupimia. Injini ya zamani ilikuwa inavumilia. Hizi mpya nozeli zake zina matundu madogo mno na zinapuliza kwa presha kubwa mno, akili ya "nimeokoa buku mbili" inaishia gereji.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA HUJALIPA

1. Andika safari zako za wiki mbili kwanza. Ngapi ni za ndani ya mji, ngapi ni ndefu? Kama karibu zote ni za mjini, kirikuu au pikapu ya petroli itakufaa zaidi, hata kama kwenye makaratasi dizeli inakula kidogo.

2. Uliza kwa maneno haya haya: "Lina DPF? Lina AdBlue?" Muuzaji akigugumia, nenda na fundi mwenye mashine ya kupima. AdBlue utaijua kwa kifuniko cha bluu karibu na kifuniko cha mafuta au ndani ya boneti. Ikiisha, magari mengi yakizimwa hayawaki tena hadi uiongeze. Kwa hiyo jua kabla utainunua wapi na kwa bei gani.

3. Usikorogee mbolea ya urea kwenye maji ukaimimina huko. Najua imo kwenye AdBlue, lakini ya humo ni safi sana na imepimwa asilimia 32.5. Ile ya shambani itaziba mfumo mzima.

4. Angalia kama DPF imekatwa. Gari lililotoka Uingereza lilipaswa kuwa nayo kama lilitengenezwa nayo, kule tangu 2014 ukikutwa umeitoa unafeli ukaguzi. Ikiwa imekatwa huku, unanunua gari ambalo kompyuta yake imedanganywa, na moshi wake wa kwanza kuuvuta ni wewe na jirani zako.

5. Oili si oili tu. Gari lenye DPF linataka oili yenye majivu kidogo. Tafuta alama ya DL-1 kwa magari ya Kijapani au C3 kwa mengi ya Ulaya, na uhakikishe na kitabu cha gari.

6. Taa ya kisanduku chenye vitone ikiwaka, usisubiri kama mimi. Siku hiyo hiyo toa gari barabara kuu, tembea mfululizo hadi izime. Isipozima, nenda kwa fundi mapema, kabla gari halijakataa kuvuta.

Pikapu yangu ninayo bado, sikuiuza. Nilichobadilisha ni kazi yake. Delivari za mjini nimerudi kwa kijana wangu wa kirikuu, tumekubaliana bei ya wiki. Pikapu inatoka Alhamisi tu, alfajiri, na mzigo wa jumla wa wateja wa Chalinze na Morogoro. Inarudi jioni taa zote zimezima. Wateja hao wa mikoani nisingewapata kama nisingelazimika kulitafutia gari safari ndefu.

Wewe unasafirishaje mzigo wako, na ushawahi kuona hiyo taa ya njano? Andika hapo chini gari, mwaka wake na njia unazopita. Kuna mwenzako anataka kulipa wiki hii, jibu lako linaweza kumwokolea mtaji.